Tuseme kwa Kiswahili: Hodi kwenye mlango namba 4444

Kwa wasomaji wapya: safu hii huandikwa kwa zamu. Kila toleo kundi moja la wanachama hueleza kwa Kiswahili wanachosoma darasani, kwa namna ambayo mama zao wangeelewa kwenye simu bila kusema "ngoja nimpe baba yako." Wanafunzi wa famasia wamepita, wa sheria wamepita, na wale wa uhandisi wakatuachia maneno matatu ya madaraja ambayo hatujayasikia popote tena. Sasa zamu ni yetu, watu wanne wa kompyuta, wa mwaka wa pili na wa tatu, hapa Uingereza.

Tuanze na tatizo la neno. Tunachosomea ni usalama wa kompyuta, na sehemu tunayoipenda zaidi ni ile ya kuingia kwenye mfumo wa mtu kwa kibali chake, ili kumwonyesha mahali ambapo mwizi angepitia. Jaribu kumweleza shangazi. Kamusi inatupa "kudukua", neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya kusikiliza mazungumzo ya watu kwa siri, yaani kazi ya mtoto aliyejibanza nyuma ya pazia wakati wakubwa wanaongea. Kwa hiyo ukisema "nasomea udukuzi", mtu mzima anasikia "nasomea umbea wenye cheti." Mama wa mmoja wetu aliuliza kwa upole kama ada yote ile ndiyo inakwenda huko. Tumejaribu "upimaji wa upenyaji", ikaonekana kama tunavusha magendo. Mwishowe tumekubaliana kusema "jaribio la kupenya kwa kibali". Ni refu, lakini neno la mwisho ndilo linalobeba mzigo wote, kama mtakavyoona.

Mada yetu ni ndogo kwa makusudi: seva zinazoendesha vivinjari bila mtu. Kivinjari ni ile programu unayofungulia kurasa za intaneti, Chrome au Firefox. Watu wengi hawajui kwamba kivinjari kinaweza kuendeshwa na programu nyingine. Kinafungua ukurasa, kinajaza fomu, kinabofya, kinapiga picha ya skrini, kinafunga. Hakuna mkono wala macho, na mara nyingi hata skrini haipo.

Mambo haya yalianza kwa uchovu. Mwaka 2004, huko Chicago, Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks alikuwa na programu ya ofisini ya kujaza saa za kazi na gharama, na kila ikibadilishwa kidogo ilibidi mtu akae aibofye upya yote kuhakikisha haijaharibika. Akaandika chombo cha kumbofyia. Kikaitwa Selenium, kwa utani: kulikuwa na kampuni kubwa ya vyombo vya majaribio iliyoitwa Mercury, jina ambalo pia ni la zebaki, na madini ya seleniamu hutajwa kuwa dawa ya sumu ya zebaki. (Wanakemia wa klabu, tunawaona mkitabasamu.) Baadaye wakaja Puppeteer wa Google mwaka 2017 na Playwright wa Microsoft mwaka 2020, na lugha ya kuviamuru vivinjari ikawa kanuni rasmi ya shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2018. Leo karibu kila tovuti unayonunulia tiketi imebofywa mara elfu na mashine kabla wewe hujaiona. Risiti ya PDF unayotumiwa kwa barua pepe nayo mara nyingi imechapwa na kivinjari kilichofichwa mahali fulani.

Kampuni ikikua, kivinjari kimoja hakitoshi. Wanaweka seva inayosimamia vivinjari kumi au mia, na programu za wafanyakazi zinaipigia simu: nipe Chrome kimoja, fungua ukurasa huu, bofya pale. Seva ya Selenium ya aina hiyo husikiliza kwenye mlango namba 4444 ikiwa hujaibadilisha. Na hapa ndipo tunapotaka msomaji akae sawa: kwa kawaida yake, seva hiyo haiulizi nenosiri. Anayebisha hodi anapewa kivinjari.

Usiwacheke waliokitengeneza. Chombo hicho kilikusudiwa kukaa ndani ya nyumba, kwenye mtandao wa kampuni ambao mtu wa nje haufikii, na maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba lazima ukikinge na ulimwengu wa nje. Tatizo ni kwamba siku hizi "ndani" ni kompyuta ya kukodi kwenye wingu, na kati ya ndani na nje kuna mstari mmoja wa mipangilio. Fundi aliye nyumbani anataka kuiona seva kutoka kwenye laptop yake, anaufungua mlango kwa dunia nzima "kwa leo tu", halafu leo inakuwa miaka miwili.

Lakini kivinjari ni kitu cha kufungua kurasa tu, si ndiyo? Mtu akikiazima atafanya nini, aangalie video?

Tuchukue lililotokea. Mwezi Julai 2024 watafiti wa kampuni ya Wiz walieleza kampeni waliyoiita SeleniumGreed. Unapoiomba seva ikupe kivinjari, unatuma na maelezo: nataka Chrome, programu yake iko kwenye folda fulani, na ukiiwasha ipe maagizo haya. Maelezo hayo yana sababu njema, kwa kuwa wapimaji huwa na matoleo mengi ya Chrome kwenye mashine moja na wanataka kuchagua. Wavamizi wakasema: nataka Chrome, na programu yake iko mahali pale ilipo Python, na maagizo yake ni haya. Python si kivinjari, ni lugha ya kuandikia programu. Seva, kwa utiifu wake, ikawasha Python na kuipa msimbo wa mvamizi. Kuanzia hapo mashine ni yake. Wale walizitumia kuchimba sarafu za mtandaoni, wakila umeme na pesa za kukodi za watu wengine. Watafiti walipohesabu seva zilizoonekana wazi kwenye intaneti katika hali hiyo, walipata zaidi ya 30,000.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu hakuna kufuli lililovunjwa. Kila hatua ni chombo kikifanya kilichoagizwa. Mwalimu wetu mmoja hukataa hata kuiita hitilafu. Kwake ni mtumishi mtiifu aliyewekwa barazani badala ya jikoni. Sisi tunaona anawapunguzia watengenezaji lawama mno. Kama chombo kimeletwa bila kufuli, wengi watakiweka bila kufuli, na kuandika onyo kwenye ukurasa wa arobaini wa maelezo hakubadilishi hilo.

Hata bila ujanja wa Python, kivinjari cha kuazima kina thamani kwa sababu ya mahali kiliposimama. Kiko ndani. Ukikiambia kifungue ukurasa wa uongozi ambao wewe wa nje huwezi kuuona, kinaufungua na kukuletea picha. Ukikiambia kisome faili iliyo kwenye diski ya mashine yake, mara nyingi kitasoma. Na kwenye kompyuta za kukodi kuna anwani moja ambayo kila mwanafunzi wa fani yetu huijua kichwani kama namba ya simu ya nyumbani: 169.254.169.254. Haifikiki kutoka nje. Mashine yenyewe huiuliza "mimi ni nani na funguo zangu zi wapi?" na wingu linajibu. Mwaka 2019 benki ya Marekani ya Capital One ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada, na kiini kilikuwa kifaa cha kinga kilichopangwa vibaya hadi kikakubali kumuulizia mtu wa nje maswali kama hayo na kumpa funguo. Pale hakikuwa kivinjari, ila ukoo ni mmoja: umemtuma aliye ndani akuletee.

Zile risiti za PDF nazo zina mlango wao. Ikiwa duka linachukua jina uliloandika kwenye fomu na kulibandika kwenye ukurasa bila kulikagua, mtu anaweza kuandika jina lake likifuatiwa na kipande cha msimbo. Kivinjari cha duka kikichapa risiti, kinautekeleza msimbo huo, na risiti inarudi kwa mteja ikiwa na yaliyomo kwenye faili ya siri ya seva, yamepangwa vizuri chini ya nembo ya duka.

Na wale wanaosema "mimi seva yangu iko kwenye laptop yangu tu, hainihusu", wasubiri kidogo. Ukurasa wowote unaoutembelea unaweza kujaribu kutuma ujumbe kwa programu zilizo kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba matoleo ya seva ya Selenium kabla ya la 4 yalikubali amri zilizotumwa kama fomu ya kawaida, kiasi kwamba ukurasa mbaya ungeweza kuiamuru seva iliyo mezani kwako huku wewe unasoma habari za mpira. Chrome nayo ina mlango wake wa mafundi, kwa kawaida namba 9222, ambao anayeufikia anaona kila ulichofungua na anachukua vidakuzi vinavyokuweka umeingia kwenye akaunti zako. Wezi waliutumia hivyo hasa, hadi toleo la 136 mwaka 2025 Chrome ikaacha kuufungua kwa wasifu wa kawaida wa mtumiaji.

Sasa tufike kwetu.

Muhula uliopita mfanyabiashara mmoja tunayemfahamu, mtu wa Mombasa aliyeishi hapa tangu kabla hatujazaliwa, anayesafirisha mizigo kwenda nyumbani, alituma kiungo kwenye kundi la simu la jumuiya. Alikuwa na furaha. Tovuti yake mpya ya kufuatilia mizigo ilikuwa "inajijaribu yenyewe usiku kucha", na kiungo kilionyesha ukurasa wa seva, vivinjari vimejipanga kama mabasi kituoni. Mwenzetu mmoja akatazama mwisho wa anwani: 4444. Chini ya ukurasa palikuwa na toleo, 3.141.59. (Wanahisabati, ndiyo, ni pai. Watengenezaji walijichekesha. Lilikuwa la mwisho la mfululizo wa 3, la mwaka 2018.)

Akamwambia mwenye biashara kwa heshima kwamba mlango huo haufai kuwa wazi. Jibu likaja mara moja kwa sauti: "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomea mambo hayo? Ingia basi, jaribu, uniambie."

Mwenzetu yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Wazazi wake wako Tanga na wameuza kiwanja kwa ajili ya ada yake. Tukaketi wanne jikoni hadi saa saba usiku. Wawili walisema ruhusa imeshatolewa, tena kwa sauti iliyohifadhiwa, na kila saa inayopita mtu mwingine anaweza kuingia. Wawili wakasema hapana. Na waliosema hapana walikuwa na visa viwili mkononi, ambavyo tunavisimulia kwa kuwa vinastahili kujulikana na kila kijana anayejaribu-jaribu mitandao.

Cha kwanza ni cha hapa hapa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, ile ambayo mawimbi yake yalifika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, Daniel Cuthbert, mtaalamu wa usalama wa kompyuta mjini London, alichangia pauni 30 kupitia tovuti ya kamati ya misaada ya maafa. Hakupata jibu lililomridhisha, akaogopa ameingizwa kwenye tovuti bandia. Akaandika kwenye anwani nukta na mikwaju kadhaa, ishara ya kuomba folda za juu, kupima tu. Haikufunguka, naye akaenda zake. Kengele zililia upande wa pili. Mwaka 2005 alipatikana na hatia chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990, faini pauni 400 na gharama pauni 600. Hakimu mwenyewe alionyesha kusikitika, lakini sheria hiyo haina kifungu kinachosema "alikuwa na nia njema". Kifungu cha kwanza kinauliza kama ulijaribu kuingia na kama ulijua huna ruhusa, na adhabu yake leo inaweza kufika miaka miwili jela.

Cha pili ni cha Marekani, na ndicho kilichotunyamazisha. Usiku wa tarehe 11 Septemba 2019, Gary DeMercurio na Justin Wynn wa kampuni ya Coalfire waliingia kwenye jengo la mahakama la wilaya ya Dallas, mjini Adel, jimbo la Iowa. Walikuwa wameajiriwa na idara ya mahakama ya jimbo kupima ulinzi, na walikuwa na barua. Kengele ilipolia hawakukimbia. Walisubiri polisi wakawaonyesha barua. Askari wa kwanza walielekea kuridhika. Kisha akaja mkuu wa polisi wa wilaya, akasema jengo ni la wilaya, si la jimbo, na jimbo halina mamlaka ya kumruhusu mtu kuvunja nyumba isiyo yake. Wakalala ndani. Mashtaka yalifutwa Januari 2020 tu, baada ya miezi minne ya kuitwa wezi.

Kwa hiyo swali la pale jikoni halikuwa kama ruhusa imetolewa. Lilikuwa: aliyeitoa anaimiliki?

Asubuhi mwenzetu akapiga simu, sisi tunasikiliza.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Haya, ushaingia?"

"Bado, ami. Naomba karatasi kwanza."

"Karatasi ya nini? Si nimekwambia ingia? Mimi ndiye mwenyewe."

"Kompyuta zile ni zako, ami?"

"Zangu. Nalipa kila mwezi."

"Unamlipa nani?"

Kimya. Akasema kompyuta ni za kampuni ya wingu, na aliyezipanga ni fundi wake aliyeko Nairobi, na kwenye mashine hizo hizo yupo pia mwenzake wa biashara ambaye hakuwa ameulizwa. Halafu akaongeza, na sauti ilikuwa imebadilika: "Kwani hamniamini? Baba yako mimi namjua."

Hilo lilituuma. Kwa mtu wa umri wake, kumwomba mtoto wa rafiki yako akusaidie kisha akakutaka utie sahihi ni kama kualikwa chakula ukadai kuona leseni ya mpishi. Mwenzetu alijibu vizuri kuliko sisi tungeweza. Alisema: "Ami, karatasi si ya kukulinda wewe na mimi. Ni ya kumwonyesha askari ambaye hatujui sote wawili."

Ilichukua siku mbili. Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na tuliiandika kwa Kiswahili na Kiingereza, mwalimu wetu akaipitia. Ilitaja anwani hasa zinazopimwa na kusema nyingine zote zimekatazwa. Ilitaja usiku mmoja, kuanzia saa mbili hadi saa tano. Ilisema nini kitafanywa: kufungua kivinjari kimoja, kukituma kwenye ukurasa mmoja wa ndani, kupiga picha moja, kufunga. Ule mchezo wa Python ulikatazwa waziwazi, kwani toleo lenyewe lilishatosha kuthibitisha kwamba unawezekana. Ilikuwa na namba ya simu ya kumpigia fundi jambo likiharibika, na sahihi tatu: ya ami, ya mwenzake wa biashara, na ya fundi. Masharti ya kampuni ya wingu tuliyasoma pia. Iliruhusu mteja kupima mashine alizozikodi mwenyewe, mradi hazizidishiwi mzigo hadi zianguke. Fundi wa Nairobi, tuseme ukweli, ndiye aliyekuwa na shukrani kuliko wote. Alitaka kuufunga mlango usiku ule ule wa kwanza, tukamwambia afunge, na akafunga kwa anwani zote isipokuwa moja, ya mwenzetu. Ule ugomvi wa jikoni kuhusu kila saa inayopita ulikwisha hapo, na tunashangaa hakuna hata mmoja wetu aliyeanza na wazo hilo.

Jaribio lenyewe lilichukua dakika kumi na moja. Kivinjari kikafunguka bila kuulizwa chochote. Kikatumwa kwenye ukurasa wa ndani. Picha ikarudi: orodha ya mizigo, majina, simu, anwani za Mombasa, Tanga na Unguja, na pembeni picha ndogo ndogo za pasipoti, kwa kuwa forodha huzitaka. Mwenzetu akafunga hapo hapo. Lakini macho hayafungwi kwa karatasi, na mstari wa nne kutoka juu ulikuwa na jina la mama wa mwanachama wa klabu hii.

Karatasi ilisema alichokiona hakisemwi kwa mtu mwingine ila waliotia sahihi. Kwa hiyo alikula chakula cha mchana na yule rafiki siku tatu mfululizo, akijua pasipoti ya mama yake ilikuwa imekaa dirishani, asiseme. Alituambia baadaye kwamba kati ya yote, hilo ndilo lililomchosha.

Kwa nini siku tatu? Kwa sababu kumbukumbu za seva zilihifadhiwa siku saba tu, na mlango ulikuwa wazi miezi mitano. Kwenye siku hizo saba kulikuwa na wageni kadhaa wasiojulikana waliobisha hodi. Hakuna alama kwamba waliuona ukurasa wa ndani. Kabla ya hapo hakuna anayejua. Sheria ya hapa ya ulinzi wa taarifa binafsi inataka mfanyabiashara akigundua uvujaji unaoweza kuwadhuru watu aieleze mamlaka husika ndani ya saa 72. Ami akauliza swali la haki: kama hatujui kwamba kuna mtu aliyeingia, kwa nini niwatishe wateja? Biashara yangu ni ya kuaminiana, nikituma barua hiyo wataniacha.

Tulibishana tena, safari hii vibaya zaidi. Mmoja wetu alisema hakuna uthibitisho wa madhara na mzee wa watu ataangamia kwa jambo ambalo pengine halikutokea. Mwingine akasema pasipoti si ya ami. Uamuzi haukuwa wetu, wala haukupaswa kuwa. Binti yake, anayemshikia hesabu, ndiye aliyemshawishi. Alimuuliza angependa kusikia habari hiyo kutoka kwake au kutoka kwenye kundi la simu. Akaieleza mamlaka kabla saa hazijaisha, na akawaandikia wateja wote kwa Kiswahili, barua fupi isiyojificha. Wateja kadhaa walihama. Yule mama wa mstari wa nne hakuhama, ila alimpigia simu mwanawe kuuliza kama na yeye alijua. Hakujua. Urafiki wa wale wawili ulipoa mwezi mzima.

Tumeyaandika haya kwa idhini ya ami. Aliisoma rasimu, akaondoa sentensi mbili, akatusahihisha "mizigo" mahali tulipoandika "shehena" kwa kujionyesha.

Kwa wenye ndugu nyumbani wanaoomba "hebu nijaribie tovuti ya kazini kwetu": msikubali kwa maneno ya mdomo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina ya mwaka 2018, na zote zinahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa. Binamu yako mhasibu hana mamlaka ya kuiruhusu seva ya mwajiri wake. Wenye hamu ya kujaribu usiku huu huu wachukue OWASP Juice Shop, duka la bandia la maji ya matunda lililotengenezwa likiwa na matundu makusudi. Unaliweka kwenye kompyuta yako mwenyewe na kulivunja upendavyo. Na wenye seva za Selenium: ziwekeni nyuma ya mtandao wa ndani, wekeni nenosiri mbele yake, pandisheni toleo, na kivinjari msikiendeshe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine.

Limebaki neno moja hatukukubaliana. Ile namba 4444, kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile la mahali zinapotia nanga meli. Mmoja wetu, wa Zanzibar, anataka iitwe "bandari" na hakubali vinginevyo. Sisi watatu tumeandika "mlango" kote humu kwa wingi wa kura. Mwenye hoja atuletee mezani siku ya Alhamisi, na chai iko. Toleo lijalo zamu ni ya wanafunzi wa ukunga, ambao wametuonya kwamba wao hawatabishania maneno, wanayo tayari kutoka kwa bibi zao.